Ukurasa Usiofunguka: Hitilafu ya Kompyuta kama Somo la Kufikiri

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anayeingia kazini leo anakabidhiwa vifaa ambavyo walimu waliomtangulia hawakuvijua. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa kwa walimu. Aidha, katika baadhi ya shule za mkoa wetu wa Tanga zimo kompyuta chache, nyingine kuukuu, zilizopatikana kwa msaada wa wahisani. Katika baadhi ya kompyuta hizo umewekwa mfumo wa Linux, kwa kuwa hauuzwi na hauhitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Basi hutokea siku ambayo mwalimu anakusudia kuwaonyesha wanafunzi wake kitabu kilichomo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Anafungua kivinjari, anaandika anwani, anangoja, na ukurasa haufunguki. Walimu wengi hapo huzima mashine na kuiwasha tena. Isipokubali, hutamka kwamba "mtandao haupo," huifunika kompyuta kwa kitambaa na kurudi ubaoni. Kitambaa hicho huweza kukaa muhula mzima.

Makala haya yanadai kwamba ukurasa usiofunguka ni mojawapo ya masomo mazuri kabisa anayoweza kuyapata mwalimu bila gharama, na kwamba mwalimu anayelificha tatizo hilo machoni pa watoto, au anayemwita fundi kabla ya kutazama, anawanyima jambo ambalo hakuna kitabu kitakachowapa. Jambo hilo ni utaratibu wa kuitafuta sababu. Tunaandika kwa ajili ya walimu wanafunzi ambao muda si mrefu watakwenda katika mazoezi ya kufundisha, nao watakutana na kitambaa hicho.

Kwa nini Linux

Mfumo wa Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Aliutoa bure ili kila mwenye ujuzi auongeze na kuurekebisha, na leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Kishikwambi au simu yenye Android nayo ina kiini cha Linux ndani yake. Kwa hiyo mwalimu asemaye kwamba hajapata kuitumia Linux huenda anayo mfukoni. Miongoni mwa matoleo yake yajulikanayo sana ni Ubuntu, lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na ambalo jina lake ni ndugu wa neno letu "utu".

Tunaichagua Linux kwa sababu ya kiualimu kuliko sababu ya bei. Linux haifichi mambo yake. Mipangilio yake mingi imeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma. Na amri zake za kuchunguza mtandao hujibu swali moja kwa jibu moja. Mfumo wa namna hiyo humfaa mwalimu kama saa ya kioo, ambayo magurudumu yake yanaonekana yakizunguka.

Safari ya ukurasa

Mwalimu hawezi kutafuta mahali barabara ilipokatika bila kuijua barabara yenyewe. Ni lazima kwanza aweze kuwaeleza wanafunzi safari ya ukurasa kwa maneno yao.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mtu wa Bweni aliyetaka kwenda Tanga kwa njia ya Pangani ilimlazimu kwanza afike ukingoni, kisha avuke mto kwa kivuko, kisha apande basi, na mwisho aijue nyumba anayoiendea. Kama kivuko kilisimama, hapakuwa na faida ya kumlaumu dereva wa basi aliyekuwa akingoja ng'ambo ya pili. Kompyuta nayo husafiri hivyo hivyo. Ombi lake hutoka kwenye kivinjari, hupita katika waya au mawimbi ya redio hadi kwenye ruta, ambayo ndiyo kivuko chake. Kutoka hapo huenda kwa kampuni ya mawasiliano, hupita katika Mkongo wa Taifa, na pengine katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, hadi kwenye seva yenye ukurasa unaotakiwa. Jibu hurudi kwa safari kama hiyo.

Limebaki jambo la nyumba. Katika Ngamiani, mjini Tanga, barabara zinajulikana kwa namba. Mgeni akiulizia nyumba ya mtu kwa jina tu, ni lazima apate mwenyeji wa kumwambia barabara yenyewe ni ya ngapi. Kompyuta zote za mtandaoni huitana kwa namba. Majina tunayoyaandika sisi ni kwa ajili ya kumbukumbu ya binadamu. Tangu mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni utaratibu wa kugeuza majina kuwa namba, mwenyeji huyo amekuwako, naye huitwa seva ya majina. Mwenyeji akinyamaza, safari hukwama hata kama barabara zote ni nzima. Walimu wengi hawalijui jambo hili, na kwa sababu hiyo husema mtandao haupo ilhali mtandao upo na mwenyeji tu ndiye aliyelala.

Maswali matatu kabla ya kugusa chochote

Kosa kubwa la anayeanza ni kugusa kabla ya kuuliza. Hubadilisha mambo matano kwa pamoja. Tatizo likiondoka hajui ni lipi lililoliondoa, na likizidi hajui ni lipi lililolizidisha. Tunashauri wanafunzi wazoezwe kuuliza maswali matatu mikono ikiwa magotini.

Swali la kwanza: je, ni kompyuta hii peke yake, au ni zote? Ikiwa kishikwambi cha mwalimu kinafungua kurasa kupitia ruta ile ile, basi ruta na yote yaliyo mbele yake hayana lawama.

Swali la pili: je, ni ukurasa huu peke yake, au ni kurasa zote? Ikiwa kurasa nyingine zinafunguka, huenda seva ile moja imezimwa, au jina limeandikwa vibaya. Herufi moja iliyokosewa imewahi kusimamisha vipindi vingi.

Swali la tatu: je, ni kivinjari hiki peke yake, au na kingine pia? Ikiwa kivinjari kingine katika mashine ile ile kinafungua ukurasa, tatizo limo katika kile cha kwanza: pengine katika kurasa za zamani kilizozihifadhi, pengine katika mpangilio wa proksi ulioachwa na mtu aliyeitumia mashine hiyo mahali pengine.

Maswali haya hayahitaji amri yoyote wala ujuzi wa Kiingereza, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuyauliza. Hata hivyo huondoa sehemu kubwa ya mashaka, kwa sababu kila jibu huukata uwanja wa kutafutia.

Hatua kutoka karibu kwenda mbali

Baada ya maswali huja vipimo. Kanuni yetu ni kuanza karibu na kwenda mbali, kwa kuwa cha karibu hupimika kwa urahisi na mara nyingi ndicho chenye kosa.

Hatua ya kwanza ni macho na vidole. Je, umeme upo? Je, taa za ruta zinawaka? Je, waya umeingia sawasawa, au umetafunwa na panya? Pwani kwetu hewa ina chumvi na unyevu, na meno ya shaba katika vichomekeo hushika kutu upesi kuliko bara. Kuchomoa waya na kuuchomeka tena si ushirikina. Kitendo hicho husugua kutu na kurudisha mguso. Katika hatua hii hii liulizwe swali la kifurushi. Shule inayotumia mtandao wa simu ina ruta inayowaka taa zote hata baada ya kifurushi kwisha.

Hatua ya pili ni kuuliza kama kompyuta imepewa anwani. Katika dirisha la amri tunaandika "ip addr". Kompyuta huorodhesha namba zake. Ikiwa namba pekee inayoonekana ni 127.0.0.1, ambayo ni ya mashine kujisemesha yenyewe, basi ruta haijaipa anwani, na hakuna haja ya kwenda mbele kabla ya kurekebisha hapo.

Hatua ya tatu ni kutupa bildi. Mabaharia wetu wanapoukaribia mwamba hutupa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, ili wajue kina cha maji. Linux ina bildi yake, nayo ni amri ya "ping", iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, naye aliipa jina la mlio wa chombo cha kupimia bahari kwa sauti. Mwanafunzi aandike "ping -c 4" ikifuatwa na namba ya ruta, ambayo amri ya "ip route" humwonyesha. Ruta ikijibu, atupe bildi mbali zaidi, kwa mfano "ping -c 4 1.1.1.1", ambayo ni namba ya seva moja ya majina inayotumiwa na watu wengi duniani. Ruta ikijibu na seva ya mbali isijibu, kasoro iko baina yao: kifurushi, mnara, kampuni au mkongo. Yafaa ieleweke kwamba baadhi ya seva hupangwa zisijibu bildi. Kwa hiyo jibu ni ushahidi wa uzima, lakini ukimya si ushahidi kamili wa kifo. Jambo hilo lenyewe ni funzo kubwa kwa mtoto.

Hatua ya nne ni mwenyeji wa majina. Namba ikijibu na jina lisijibu, tumempata mkosaji. Amri ya "getent hosts" ikifuatwa na jina la tovuti huonyesha kama jina hilo limepata namba yake. Lisipopata, seva ya majina iliyotajwa katika mipangilio ya mtandao ibadilishwe, au ruta izimwe kwa dakika moja na kuwashwa tena.

Hatua ya tano ni hali ya mashine yenyewe. Amri ya "df -h" huonyesha nafasi iliyobaki katika diski. Diski ikijaa, kivinjari kinaweza kukataa kufanya kazi bila kutoa sababu inayoeleweka. Na amri ya "date" huonyesha tarehe na saa. Hii ya mwisho inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kisa cha tarehe

Katika ziara za kukagua mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya pwani ambayo hatutaitaja jina. Kompyuta mbili zilikuwa zimefunikwa tangu muhula uliopita. Tuliambiwa kwamba zilikuwa "zimekataliwa na mtandao": ukurasa wowote muhimu uliofunguliwa ulitanguliwa na onyo kubwa kwamba muunganisho si salama. Ruta ilikuwa nzima. Namba zilijibu. Majina yalijibu. Mwanachuo wetu mmoja, msichana aliyekuwa amezoezwa hatua tulizozitaja, alifika hatua ya tano na kuandika "date". Mashine ikajibu kwamba ilikuwa mwaka 2010.

Sababu yake ni nyepesi. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoiendesha saa wakati umeme umezimwa. Katika mashine kuukuu betri hiyo hufa, na kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma. Kurasa za siku hizi hulindwa kwa vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kinapoambiwa na mashine kwamba huu ni mwaka 2010, kinaona cheti cha seva hakijaanza kutumika, nacho hukikataa kama bawabu anavyomkataa mgeni mwenye barua ya mwaka ujao. Kwa kawaida Linux hujirekebishia saa kwa kuuliza mtandaoni, lakini hapo mpangilio huo ulikuwa umezimwa. Mwanachuo aliuwasha, na kurasa zikafunguka. Betri mpya ilinunuliwa dukani, na bei yake ilikuwa ndogo sana kuliko nauli ya fundi.

Funzo letu linahusu namna alivyoipata sababu. Hakubahatisha. Alikuwa ameyaondoa mengine yote kwa ushahidi, na tarehe ndiyo iliyosalia.

Lipo jambo jingine linalotuhuzunisha zaidi. Walimu wa shule hiyo walikuwa wamezoea kubonyeza kitufe cha "endelea" ili kulipita onyo, na wanafunzi waliwaona. Onyo la cheti wakati mwingine ni la saa mbovu, na wakati mwingine ni la mwizi aliyejiweka katikati ili asome nywila za watu. Mtoto aliyefundishwa kulipita onyo bila kulisoma atalipita pia siku atakapokuwa mtu mzima akituma fedha zake. Kufundisha kuchunguza, kwa hiyo, ni sehemu ya kufundisha usalama.

Tena si kila hitilafu ya cheti ni ya saa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi sana duniani kilifikia mwisho wake. Mashine na simu zilizokuwa hazijasasishwa kwa miaka mingi zikashindwa kufungua tovuti hizo, ingawa saa zake zilikuwa sahihi. Dawa yake ilikuwa kusasisha programu, na hiyo ndiyo sababu ya kuzisasisha kompyuta za shule kila kifurushi kinaporuhusu.

Kusoma ujumbe wa hitilafu

Kivinjari kinaposhindwa huandika sababu, lakini huiandika kwa Kiingereza, na mwalimu huifunga kabla ya kuisoma. Juhudi za kuileta kompyuta katika Kiswahili zimekuwako: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hata hivyo ujumbe mwingi wa hitilafu ungali wa kigeni. Tunapendekeza kila mwalimu atengeneze chati ya ukutani, akiuandika ujumbe kama unavyoonekana katika mashine yake na maana yake kwa Kiswahili.

Ujumbe wa kwamba seva haikupatikana maana yake ni kuwa jina halikupata namba, mtafute mwenyeji. Ujumbe wa kwamba muda umekwisha maana yake ni kuwa barua ilitumwa na jibu halikurudi, tazama njia. Ujumbe wa kwamba muunganisho umekataliwa maana yake ni kuwa tumefika nyumbani na mlango umefungwa. Tatizo ni la mwenye nyumba au la proksi. Ujumbe wa cheti humpeleka mtu kwanza kwenye tarehe. Na namba 404, inayowatisha wengi, ni habari njema kwa mchunguzi: tumefika, tumepokewa na tumejibiwa, ni ukurasa tu ambao haupo hapo. Aonaye 404 na kusema mtandao haupo ni kama mtu aliyejibiwa hodi yake kwamba mwenyeji ametoka, naye akaenda kutangaza kuwa nyumba imebomoka.

Mfano wa somo bila kompyuta

Wanachuo hutuuliza watafanyaje katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Somo lifuatalo linahitaji watoto na vipande vya karatasi tu, na linatosha katika kipindi cha dakika 40 kwa darasa la tano.

Mwalimu awapange watoto saba katika mstari: kivinjari, waya, ruta, mnara, kampuni, mkongo na seva. Kivinjari aandike ombi katika karatasi na kulipitisha mkono kwa mkono hadi kwa seva, naye seva arudishe jibu. Zoezi lirudiwe hadi litiririke. Kisha mwalimu amnong'oneze mtoto mmoja kwamba ombi likifika kwake alifiche mfukoni. Kivinjari angoje jibu lisilokuja.

Hapo darasa zima ndilo mchunguzi. Wanaruhusiwa kuuliza swali la aina moja tu: "Je, wewe umelipokea ombi na kulipitisha mbele?" Watoto wengi wataanza mwanzo na kuuliza mmoja mmoja, na huenda wakahitaji maswali sita. Mwalimu awaache. Katika mchezo wa pili awaulize kama kuna njia fupi zaidi, asiwape jibu. Kwa uzoefu wetu hutokea mtoto anayependekeza kuanza na wa katikati. Akiwa amepitisha, wote walio nyuma yake wameokoka. Asipokuwa amepitisha, wote walio mbele yake hawana lawama. Kwa njia hiyo maswali matatu yanatosha kwa watoto saba. Hesabu hii waifanye wenyewe: maswali mangapi yatatosha kwa watoto kumi na watano?

Mwisho wa kipindi mwalimu aulize: kwa nini basi katika kompyuta tunaanza karibu, wala si katikati? Jibu ni kwamba maswali ya mchezo yana gharama sawa, ilhali vipimo vya mtandao havina. Kuutazama waya ni bure. Kuuchunguza mkongo wa baharini hatuwezi. Mtoto atakayelieleza hilo kwa maneno yake ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawajalielewa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hii ni ya fundi. Tunajibu kwamba kuna mpaka. Kifuniko cha kisanduku cha umeme kisiguswe na mtoto, na nywila ya msimamizi wa mashine ibaki kwa mwalimu. Lakini kujua kasoro iko wapi si sawa na kuirekebisha. Mgonjwa anayeeleza vizuri dalili zake hamnyang'anyi tabibu kazi. Fundi akiambiwa kwamba ruta inajibu na seva ya nje haijibu, huja na kifaa kinachohitajika, au huokoa safari yake kabisa.

Pingamizi la pili ni kwamba watoto wataharibu mashine. Amri tulizozitaja zote ni za kuuliza, hazibadilishi chochote. Kompyuta iliyofunikwa muhula mzima ndiyo inayoharibika, kwa kutu na unyevu.

Pingamizi la tatu ni la muda: muhtasari ni mrefu na mitihani inakaribia. Hili ni zito, nasi hatulidharau. Lakini mwalimu afikirie ni stadi gani anazofundisha mahali pengine kwa shida. Sayansi yataka mtoto abadilishe jambo moja na kuyaacha mengine yalivyo. Hisabati yataka mpango kabla ya hesabu. George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya utatuzi wa maswali ya hisabati, alitaja hatua nne: kulielewa swali, kupanga, kutekeleza, na kutazama nyuma. Ukurasa usiofunguka unazileta hatua zote nne mezani kwa pamoja, mbele ya watoto wenye hamu ya kweli ya kupata jibu.

Hatua ya nne ya Pólya ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tunashauri kila shule iwe na daftari la hitilafu: tarehe, kilichoonekana, kilichopimwa, kilichopatikana, kilichofanywa. Waandishi wawe wanafunzi, kwa zamu. Mwalimu akihamishwa, ujuzi wake utabaki shuleni.

Aidha, mtoto afundishwe kukubali kwamba kuna hitilafu zisizo zake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, upande wa kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo hakuna kilichofaa kufanywa darasani isipokuwa kupima, kuandika katika daftari kwamba ruta ni nzima na kasoro iko mbele yake, na kungoja. Aliyepima aliweza kungoja kwa utulivu. Asiyepima alibadilisha mipangilio yake, na mikongo ilipotengenezwa kompyuta yake ikawa na tatizo jipya alilolitengeneza mwenyewe.

Hitimisho

Mji wa Tanga una historia katika jambo hili. Shule ya serikali ya wakati wa Wajerumani ilikuwa na mtambo wa uchapaji, na gazeti la Kiongozi lilitoka humo mwanzoni mwa karne ya 20. Shabaha ya wakoloni ilikuwa kujipatia makarani na watumishi, lakini wanafunzi waliofunzwa kuzipanga herufi za risasi hawakubaki wasomaji tu. Walijua gazeti linavyotengenezwa. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliilaumu elimu inayomfanya mtu aamini kwamba ujuzi wote umo vitabuni na kwa waliosoma sana. Kompyuta inaweza kuirudisha elimu hiyo kwa mlango wa nyuma, ikiwa tutawazoeza watoto kubonyeza inapokubali na kumngoja mkubwa inapokataa.

Kwa hiyo, walimu watarajiwa, mtakapopelekwa katika shule za mazoezi ulizeni kama pana kompyuta iliyofunikwa. Mkiikuta, iwasheni mbele ya watoto. Msiwaambie mnajua tatizo lake, hata kama mnalijua. Waulizeni: ni hii peke yake, au ni zote? Kisha mpeni mmoja wao chaki aandike ubaoni yale yaliyokwisha kuthibitishwa, na mwingine aandike yaliyosalia.

Kitambaa kipelekeni jikoni kikafutie sahani.